Mafungo ya kimya yalininyima usingizi: nilikosea wapi?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Nilishiriki mafungo ya kimya ya siku 8 pamoja na wanajumuiya wenzangu, nikitarajia kupata utulivu wa moyo kwa njia ya sala ya taamuli. Siku mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Kuanzia siku ya tatu nilijawa na hasira juu ya marehemu baba yangu, mambo niliyodhani nimekwisha kuyasamehe, nikawa nalia ovyo na usingizi ukapotea. Mwongoza mafungo alinitaka niongeze saa za sala usiku, na mwenzangu mmoja akanishauri niache dawa za sonona kwa kuwa "zinaziba roho". Je, nilikosea mbinu? Nirudi tena mwaka huu? (Mwalimu, Moshi)

Jibu: Milele amina, binti yangu. Ikiwa dawa hizo uliziacha, mwone daktari aliyekuandikia kabla hujamaliza wiki hii, kwa sababu dawa za sonona zikikatishwa ghafla huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, na ugonjwa wenyewe huweza kurudi. Mwenzako hana mamlaka ya kukuandikia wala kukufutia dawa. Mimi pia sina, ingawa nimevaa kanzu.

Mbinu hukukosea. Kinachonichosha, maana nakutana nacho karibu katika kila kundi, ni imani kwamba kimya huzalisha amani, na kwamba asiyeipata ana dhambi iliyofichika au ana pepo. Redio ikizimwa usiku ndipo mtu husikia bomba linalovuja jikoni, ingawa lilikuwa likivuja mchana kutwa. Hasira juu ya baba yako haikuletwa na mafungo. Shughuli za shule, simu na maongezi ndizo zilizokuwa zikiifunika, na siku ya tatu, uchovu wa safari ukiwa umekwisha na hamu ya mwanzo imepoa, ndipo wengi huanza kusikia yaliyomo ndani yao. (Maumivu ya kichwa ya siku ya pili, ambayo baadhi ya washiriki huyaita vita vya kiroho, mara nyingi ni ya kukosa kahawa.)

Ushauri wa kuongeza saa za usiku naujua unakotoka, na umepotoshwa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho, kitabu cha kuongozea mafungo, yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anasema kweli kwamba mtu aliye katika ukiwa wa kiroho, yaani asiyeonja faraja yoyote katika sala, abaki katika sala kidogo kupita saa kamili aliyojiwekea. Kidogo! Hiyo ni dakika chache za kukataa kukimbia, wala si kukesha hadi alfajiri. Inyasi huyohuyo, anapoeleza malipizi, anakataza kupunguza usingizi unaouhitaji mwili, na katika maelekezo yake 20 ya mwanzo anamwagiza mwongozaji asimpe mtu mzigo asioweza kuubeba. Alijua anachokisema, kwani katika mji wa Manresa, Hispania, mwaka 1522, aliteswa na wasiwasi wa dhambi hadi akashawishika kujiua, akafunga chakula kwa wiki nzima ili Mungu amponye, na muungamishi wake ndiye aliyemwamuru ale.

Kwa sababu hiyo, katika mazungumzo ya kila siku mimi huanza kwa kumwuliza mshiriki amelala vipi na amekula nini, kisha ndipo tunafika kwenye sala. Asipolala usiku wa pili mfululizo, nampunguzia saa za sala, namtuma atembee bustanini au akasaidie kuchambua maharage jikoni, na nikiona anaanza kusikia sauti au kuongea bila kupumzika, tunampeleka hospitali siku hiyohiyo. Hilo si kushindwa kwa imani.

Rudi, lakini kwanza zungumza na daktari wako, na uanze na siku 2 au 3 tu. Suala la baba yako lipelekee mshauri nasaha kwa muda wake, kwa kuwa siku 8 hazitoshi kulimaliza.

Nawaonya na wengine, maana siku hizi matangazo ya "amani ya ndani kwa siku tatu" yamezagaa, mengine yakiwa na kiingilio kikubwa na mfungo wa bila maji, na waandaaji wake hawamwulizi mtu hata kama ana kisukari. Kabla hujalipa, uliza nani atakuongoza na alifundishwa wapi, kama utaulizwa habari za afya yako, na kama utaonana naye peke yako kila siku. Wakikujibu kwamba hakuna kuonana kwa sababu washiriki ni wengi, basi hiyo ni semina. Huenda ikawa semina nzuri, ila usikubali kukaa kimya siku nyingi mahali ambapo hakuna anayejua kama umelala.