Lori likikupa indiketa ya kushoto sio ruhusa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi natoka Moro kwenda Iringa na IST yangu, mbele kuna semi linatembea 60 hivi. Dereva akawasha indiketa ya kushoto, nikatoka kuovateki, nafika katikati nakutana na basi! Nikapiga breki nikarudi nyuma yake. Si yeye ndo alinipa njia? Kosa la nani?

JIBU: Marahaba. Kosa ni lako, na nashukuru Mungu umefika. Kila wiki naulizwa hivi na inaniuma, maana watu wanafundishwa eti kushoto pita, kulia subiri. Indiketa ya kushoto maana yake anaenda kushoto, basi. Labda anataka kupaki. Na hata kama kweli anakuita, yeye amekaa juu anaona mbele lakini hajui gari yako inavuta vipi wala umepakia watu wangapi.

Piga hesabu. Wewe 80 yeye 60, unamzidi mita 5 na nusu tu kwa sekunde. Urefu wa semi, nafasi ya kutoka nyuma yake na ya kurudi mbele yake, jumla kama mita 65, hapo umekaa upande wa wenzako sekunde 12. Ndani ya sekunde hizo unakula karibu mita 270, na basi kama nalo liko 80 linakula 270 zake. Ulihitaji zaidi ya nusu kilomita tupu, wewe ulikuwa unaangalia taa ya lori!

Halafu najua ulikuwa umemgandia. Rudi nyuma mpaka uone vioo vyake vya pembeni, maana usipoviona na yeye hakuoni. Hapo ndo uchungulie. Ukishampita usirudi kushoto mpaka uone taa zake zote mbili kwenye kioo cha ndani.

Hawa walimu wa siku tatu wanaowafundisha watu lugha ya indiketa badala ya kusoma barabara wananikera sana, mtu anapata leseni hajui hata mstari ulioungana upande wake maana yake havuki, anaona mwenzie katoka na yeye anamfuata mkia, mwenzie anawahi kurudi yeye anabaki na basi usoni. Na wewe njia yako inapita mlima wa Kitonga, kona na kona, pale kaa nyuma ya lori mpaka juu hata utingo akitoa mkono dirishani akakuita upite.