Kasi Imepungua, Bei Haikupungua: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii nimezichagua kwa sababu zote zinagusa mfuko wa kaya yenye kipato cha chini, na kwa sababu walioziandika wamekataa kuridhika na majibu ya jumla. Nimezifupisha kidogo, lakini hoja zao sijazigusa.

SWALI: Ndugu mwandishi, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninafanya kazi ya usafi katika ofisi. Redioni tunatangaziwa kwamba mfumuko wa bei umeshuka, tena sana. Mimi huandika matumizi yangu katika daftari kila jioni, na tangu mwaka juzi sijaona kitu hata kimoja kilichoshuka. Je, wanatudanganya, au mimi ndiye nisiyejua kuhesabu?

JIBU: Mama, hesabu yako ni sahihi, na inawezekana kabisa kwamba hata ya kwao ni sahihi. Mnapima vitu viwili tofauti. Wewe unapima bei, wao wanapima mwendo wa bei. Tuchukue bidhaa iliyouzwa kwa 100 mwaka juzi, ikafika 120 mwaka jana, na sasa inauzwa kwa 126. Mwaka jana ilipanda kwa asilimia 20, mwaka huu kwa asilimia 5. Mtangazaji anayesema kwamba mfumuko umeshuka kutoka asilimia 20 hadi 5 amesema kweli tupu, ila hakuna aliyekurudishia ile 26 iliyoongezeka, na kila unapofika dukani unailipa upya. Ili bei hiyo irudi ilikotoka ingebidi ishuke kwa zaidi ya asilimia 20, jambo ambalo hutokea kwa nadra, na ambalo wachumi wenyewe hawalitamani, kwa kuwa bei zote zikianza kuporomoka kwa pamoja wenye biashara hupunguza uzalishaji na wafanyakazi, na madeni ya watu huwa mazito zaidi kuliko yalivyokuwa siku walipokopa.

Kwa hiyo, kama bei hazitarudi, nafuu inabaki kutafutwa upande wa kipato, na hapo ndipo ningependa ufungue ukurasa mpya katika daftari lako. Andika mshahara wako wa mwaka juzi na wa sasa. Ikiwa ulikuwa 100 na sasa ni 110, utaambiwa kwamba umeongezewa asilimia 10. Lakini ukiigawa 110 kwa bei zilizopanda kwa asilimia 26, utaona kwamba mshahara wa leo unanunua kile ambacho kingenunuliwa na 87 mwaka juzi. Umekatwa karibu asilimia 13 ya mshahara bila hata kuandikiwa barua na mwajiri.

Kuna sababu ya pili, nayo ndiyo inayowakera wengi bila wao kujua jina lake. Fahirisi ya bei, yaani namba inayoonyesha bei kwa jumla zimepanda kiasi gani, hupimwa kwa kapu la bidhaa na huduma linalowakilisha matumizi ya nchi nzima, na katika kapu hilo kila kaya huhesabiwa kwa kiasi cha fedha inazotumia, wala si kwa idadi ya vichwa. Kaya inayotumia mara kumi ya unavyotumia wewe ina sauti mara kumi ya yako katika kipimo hicho. Na matumizi ya kaya hizo mbili hayafanani. Mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel alichunguza bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, na mwaka 1857 akaeleza jambo ambalo limeendelea kuthibitishwa kila linapopimwa: kadiri kaya ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Sasa tuseme chakula ni robo ya kapu la taifa lakini ni asilimia 60 ya kapu lako, kisha chakula kipande kwa asilimia 15 na vitu vingine kwa asilimia 3 tu. Mfumuko wa taifa utatangazwa kuwa asilimia 6, na wako utakuwa zaidi ya asilimia 10. Hakuna aliyekosea katika kujumlisha. Ni kwamba kapu lililopimwa si lako.

Ninakuomba uongeze safu moja katika daftari hilo, ya kipimo. Andika bei, na pembeni yake andika uzito au ujazo wa ulichonunua. Mara nyingi bei hubaki palepale na pakiti ndiyo inayopungua, na macho hayagundui hadi namba ziwekwe pamoja. Safu hiyo itakuonyesha pia gharama ya kununua kidogokidogo. Mwenye fedha ya mwezi mzima mkononi hununua cha mwezi kwa bei nafuu kwa kila kipimo, na anayelipwa kwa siku hulazimika kununua cha siku kwa bei ya juu. Fahirisi zinazochapishwa hazitenganishi watu hawa wawili.

SWALI: Mimi ni dereva wa abiria. Kila serikali inapotaka kuondoa ruzuku ya mafuta husikika maneno yaleyale, kwamba ruzuku hiyo inawanufaisha matajiri. Tajiri gani huyo anayenishinda mimi ninayenunua mafuta kila alfajiri?

JIBU: Yule mwenye magari matatu nyumbani na jenereta uani, ndugu dereva. Ruzuku ya mafuta hufuata lita, na anayechoma lita nyingi ndiye anayechukua fungu kubwa. Wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa waliokusanya takwimu za nchi nyingi zinazoendelea walionyesha mwaka 2012 kwamba, kwa wastani, asilimia 20 ya watu wenye kipato cha juu kabisa walipata karibu mara sita ya ruzuku iliyowafikia asilimia 20 ya walio chini kabisa. Hilo ni kweli, na wanaotetea ruzuku kwa jina la maskini wanapaswa kulikabili.

Lakini wanaolisema huishia katikati ya hoja. Ruzuku ikiondolewa, tajiri hupoteza fedha nyingi zaidi, ila maskini hupoteza sehemu kubwa zaidi ya maisha yake, kwa sababu bei ya mafuta humfikia kupitia nauli, kupitia kila bidhaa iliyosafirishwa, na kupitia taa na jiko. Anayepunguza safari za mapumziko na anayepunguza mlo hawakupata hasara moja, hata kama katika hesabu ya fedha wa kwanza ndiye aliyetoa zaidi. Swali la maana, basi, ni fedha zilizookolewa zinakwenda wapi, na zinafika kabla au baada ya bei kupanda.

Iran ilijaribu jambo hili kwa ukubwa usio wa kawaida mnamo Desemba 2010. Bei za nishati zilipandishwa hadi kufikia mara kadhaa ya zile za awali, lakini kabla ya hapo serikali ilikuwa imekwisha kuingiza fedha katika akaunti za kaya, zikazuiliwa kutolewa hadi siku bei mpya zilipoanza. Kila mtu alipewa rial (sarafu ya Iran) 455,000 kwa mwezi, na karibu taifa zima liliingia katika mpango. Kwa kaya ya chini yenye watu wengi, kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko nyongeza ya gharama, na umaskini ukapungua mwanzoni. Kilichofuata ndicho ninachotaka ukikumbuke. Kiasi kilibaki rial 455,000 mwaka baada ya mwaka, huku bei zikikimbia, hasa baada ya vikwazo vya kimataifa kubana mauzo ya mafuta na thamani ya rial kuanguka. Fedha ile ile iliyokuwa tegemeo la kaya ikawa fedha ya kujikimu siku chache. Malipo yasiyofungwa kwenye fahirisi ya bei huyeyuka bila mtu yeyote kulazimika kuyafuta bungeni.

Indonesia nayo, ilipopandisha bei za mafuta Oktoba 2005, ilipeleka fedha taslimu kwa kaya zaidi ya milioni 15. Kulikuwa na manung'uniko ya orodha zenye makosa, lakini fedha zilifika. Linganisha na ahadi inayotolewa siku bei inapanda, kwamba akiba itajenga barabara na madarasa. Barabara ni nzuri, ila hailipi nauli ya kesho asubuhi. Ukiambiwa ruzuku itaondolewa, uliza kwanza malipo ya fidia yanaanza tarehe gani.

SWALI: Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia ileile kwa kila mtu. Je, si ndiyo kodi ya haki kuliko zote?

JIBU: Ni sawa kwenye kaunta ya duka, si sawa nyumbani. Anayepata 100 na kuzitumia zote hulipa kodi juu ya 100 zote. Anayepata 1,000, akatumia 500 na kuweka akiba 500, hulipa juu ya nusu tu ya kipato chake. Tangu Ufaransa ilipoanzisha kodi hii mwaka 1954, serikali nyingi zimeipenda kwa kuwa ni rahisi kukusanya, na dawa ya kawaida imekuwa kusamehe bidhaa za msingi. Wachumi wengi hulalamika kwamba msamaha huo huwafaidi hata matajiri, na kwamba ni heri kutoza vyote kisha kuwarudishia maskini fedha mkononi. Ninakubaliana nao pale ambapo njia ya kurudisha imekwisha kujengwa. Pale ambapo haijajengwa, msamaha mbovu ninauona bora kuliko marejesho yaliyoko kwenye karatasi tu.

SWALI: Kima cha chini cha mshahara kikipandishwa, si waajiri watatufukuza? Ninauliza kama kijana aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza.

JIBU: Wachumi waliamini hivyo kwa muda mrefu, hadi wawili wao walipokwenda kuangalia. Aprili 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania akabaki alipokuwa. David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya chakula cha haraka katika majimbo hayo mawili, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 1994 hawakuona kwamba ajira zilipungua New Jersey. Wenzao waliupinga kwa takwimu nyingine, na mjadala haujafungwa, ingawa Card alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021 kwa kazi za aina hiyo. Maelezo yanayokubalika kwa wengi ni kwamba mwajiri mwenye nguvu dhidi ya wafanyakazi huwalipa chini ya kile wanachomzalishia, hivyo nyongeza ya kiasi hutoka katika faida yake. Nyongeza kubwa kupita uwezo wa biashara ni jambo jingine, na hiyo inaweza kukugharimu kazi.

Hata hivyo, hofu yangu kwako ni tofauti. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wenye kazi duniani, wamo katika ajira isiyo rasmi. Kwa hao, kima cha chini ni tangazo la watu wengine. Kabla ya kuuliza kitapanda kwa kiasi gani, angalia kama una mkataba wa maandishi, na kama mkaguzi wa kazi amewahi kukanyaga mahali unapofanyia kazi.

SWALI: Jirani yangu ni mjane, na ameachwa katika orodha ya kaya zinazopewa fedha na serikali. Mwanangu anasema ni heri, kwa sababu fedha za bure huwafanya watu wavivu. Wewe unasemaje?

JIBU: Mwambie mwanao kwamba jambo hilo limepimwa. Mexico ilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 1997, ikiwalipa akina mama kwa masharti ya watoto kuhudhuria shule na kliniki. Brazil ikaunganisha mipango yake midogo kuwa Bolsa Família mwaka 2003, mpango ambao baadaye ulifikia takriban robo ya wananchi kwa gharama ya karibu nusu ya asilimia moja ya pato la taifa. Mwaka 2017 kundi la watafiti lilichapisha uchambuzi wa majaribio yaliyofanywa katika nchi sita zinazoendelea, Mexico ikiwemo, na halikuona ushahidi wa kueleweka kwamba waliopokea walipunguza kazi. Ukitafakari kidogo hutashangaa, kwa maana malipo hayo huwa madogo mno kumwezesha mtu kuacha kazi, ila hutosha kumlipia nauli ya kwenda kuitafuta.

Kuachwa kwa jirani yako kunanisumbua zaidi kuliko hoja ya uvivu. Orodha hizi huandaliwa kwa kuangalia ukuta, paa na vyombo vya ndani, na mjane aliyeachiwa nyumba nzuri na marehemu huonekana tajiri kwa anayeipita njiani, hata kama ndani hamna kitu. Aombe kuonyeshwa alama alizopewa na kigezo kilichotumika, kisha apeleke malalamiko kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Akiambiwa kwamba muhuri hauhitajiki, auombe hivyohivyo.