Mtafute teno kwanza: maswali yenu kuhusu misa za karne ya 15

Tangu nilipomtaja hapa Guillaume Du Fay, padre na mtunzi wa kanisa kuu la Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, maswali yamekuwa mengi. Leo najibu manne.

Kwa nini sauti ya tatu ya kwaya huitwa teno?

Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kushika. Zamani zile teno alishika tuni ya msingi kwa noti ndefu, wenzake wakasuka sauti zao juu na chini yake. Misa hizo zikikuchanganya, mtafute teno kwanza. Ukishampata, sauti nyingine zinaanza kueleweka.

Ni kweli waliingiza tuni za mapenzi kwenye misa? Mwalimu wetu wa kwaya angetufukuza!

Ni kweli. Du Fay alikuwa na wimbo wake wa mapenzi, "Se la face ay pale", wa mtu aliyepauka uso kwa kupenda. Miaka ya 1450 akachukua sauti ya teno ya wimbo huo akaijengea misa nzima. Katika sehemu mbili za misa hiyo, Utukufu na Nasadiki, tuni hiyo inapita mara tatu: kwanza kila noti imerefushwa mara tatu, halafu mara mbili, mwisho kwa urefu wake halisi. Mzunguko wa kwanza huitambui kabisa. Ukifika wa tatu, tuni inachomoza na kwaya nzima inachangamka. Mimi sioni kufuru hapo. Mtu alichukua tuni aliyoipenda akampelekea Mungu.

Waliimbaje bila kila mmoja kuwa na karatasi yake?

Kitabu kimoja kikubwa kiliwekwa kwenye stendi ya kusomea, waimbaji wakakizunguka. Kila sauti iliandikwa mahali pake kwenye kurasa mbili zilizofunguliwa, bila mistari ya kugawa mapigo. Hukuweza kuona mwenzako anaimba noti gani juu ya yako. Ilibidi uhesabu mwenyewe huku sikio likiwa kwake. (Wanawake, kwa aliyeuliza, hawakuwamo katika kwaya za makanisa makuu. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana au wanaume. Masista waliimba kwenye monasteri zao.)

Nianze kusikiliza wimbo upi?

"Ave regina celorum" ya sauti nne, ya Du Fay huyo huyo. Ni sala ya kale kwa Bikira Maria, ila katikati ya maneno yake Du Fay alipenyeza ombi lake mwenyewe, kwa jina: umhurumie Du Fay wako anayekufa. Penye neno la kuomba huruma, muziki uliokuwa na nuru unaingia giza ghafla. Sikiliza hapo kwa makini. Katika wosia wake aliomba aimbiwe wimbo huo akiwa anakata roho. Alifariki tarehe 27 Novemba 1474, na muda haukutosha. Waliuimba kwenye mazishi yake.