Mizani husikika, haionekani

Wadogo zangu mnaoanza kidato cha tano, hapa Arusha tunapita kila siku nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid tukiwaza mpira. Mwenye jina hilo ndiye aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hizo hesabu za vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande) na mizani (idadi ya silabi) zinazowasumbua zimo humo.

Mimi zilinisumbua kwenye mshororo (mstari) mmoja tu, aliotutungia mwalimu ubaoni:

Mto wafurika Meru, mlima umefunikwa

Nikaandika mizani 14. Mwalimu hakunisahihisha, aliniambia niugonge kwa kidole juu ya dawati. M-to-wa-fu-ri-ka-Me-ru. Nane. M-li-ma-u-me-fu-ni-kwa. Nane tena. Zile M mbili nilizimeza kwa sababu nilikuwa nasoma kwa macho.

Hapo kwenye M ndipo wengi mtaangukia. M ya "mlima" inasimama peke yake, basi ni mizani moja. Ya "mbege" imeshikana na B: mbe-ge, mbili tu. "Mbaya" je? Mtu mbaya ni m-ba-ya, tatu. Ndizi mbaya ni mba-ya, mbili. Herufi zilezile! Gonga dawati, mtihani hauna sheria ya kukataza vidole.

Vina navyo ni silabi nzima. Anayesema "kina cha mwisho ni a" amepoteza alama. Hapo juu ni -ru kwa ukwapi, kipande cha kwanza, na -kwa kwa utao, kipande cha pili. Mshororo unaofuata ukiishia "limefungwa", kina kimevunjika, maana -ngwa si -kwa. Halafu msitangaze mtiririko kwa kutazama ubeti mmoja. Linganisheni beti zote: vina vya kati na vya mwisho visipobadilika kokote, huo ni mtiririko, vya upande mmoja vikibadilika, ukara, vyote vikibadilika kila ubeti, ukaraguni.

Tathlitha, tarbia, takhmisa ni kuhesabu mishororo ya ubeti, mitatu, minne, mitano. Msilikalie sana.

Kinachobeba alama ni kueleza. Kwa nini "wafurika" na si "unafurika"? Jaribu kuiweka: kipande kinafika tisa, wimbo unajikwaa. Andika hivyo hivyo. Na mkipewa shairi huru, lisilofuata vina na mizani, acheni kugonga dawati. Tazameni mstari umekatwa wapi, na neno gani limeachwa peke yake.