Usaha unaorudi kwenye mguu wenye chuma

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 24 aligongwa na gari akiwa kwenye boda boda, mfupa wa muundi ukatokeza nje, akatiwa chuma. Huu ni mwezi wa nane. Karibu na kovu kuna kitundu kinachotoa usaha. Akimeza antibayotiki za kemisti kinakauka wiki mbili, kisha kinafunguka. Sasa tunaambiwa tununue dawa kali zaidi. Tufanyeje?
Mama, Kayole

JIBU: Pole sana, mama. Dawa hiyo kali msinunue. Kitundu kinachofunga na kufunguka juu ya chuma huonyesha kwamba maambukizi yameingia mfupani. Dawa husafiri kwa damu, na kipande cha mfupa kilichokufa hakina damu. Juu ya chuma nako bakteria hujitandia utando wa kuwakinga. Vidonge huua walio pembeni, usaha ukakauka. Waliojificha huzaana upya.

Anahitaji daktari wa upasuaji wa mifupa, mwenzake wa kurekebisha ngozi na misuli, na maabara ya kuotesha bakteria. Hapa Nairobi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina wote hao. Bebeni barua ya rufaa, eksirei zote tangu ajali, karatasi ya upasuaji na pakiti za dawa alizomeza.

Usaha uliopanguswa kwa pamba kitunduni hupotosha, maana huokota bakteria wa ngozi. Vipimo vya kutegemewa huchukuliwa ndani ya chumba cha upasuaji: vipande vitano hivi kutoka mfupani na kandokando ya chuma, kila kimoja kwa kifaa chake safi. Bakteria yuleyule akiota katika viwili au zaidi, huyo ndiye mhusika. Ombeni kifua kikuu kipimwe pia. Kwa kawaida daktari husimamisha antibiotiki wiki mbili kabla ya upasuaji huo, ili bakteria waweze kuota. Lakini mwanao akipata homa, akatetemeka au kuchanganyikiwa, mkimbizeni kitengo cha dharura siku hiyohiyo.

Mfupa uliokufa hukwanguliwa mpaka ule uliobaki utoe vitone vidogo vya damu. Hapo ndipo mfupa hai unapoanzia. Pengo haliachwi wazi, kwa kuwa damu ikituama humo huwa chakula cha bakteria. Mara nyingi hujazwa vishanga vyenye dawa kama jentamaisini, kisha hufunikwa kwa ngozi au msuli wenye damu ya kutosha. Chuma hutolewa kama mfupa umeunga au kama kimelegea. Kama mfupa haujaunga, wakati mwingine hubadilishwa kwa fremu ya chuma inayoshikilia mfupa kutoka nje ya mguu.

Baada ya hapo dawa huwa za wiki 6, au 12 chuma kikibaki. Si lazima ziwe za mshipani muda wote: utafiti wa Uingereza wa watu wazima 1,054, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuzidiwa na sindano. Kwa familia inayolipia kitanda, ulizeni jambo hilo bila aibu. Akiandikiwa rifampisini, mkojo utageuka rangi ya machungwa, msishtuke. Asiimeze peke yake bila antibiotiki nyingine, na kama anatumia ARV amwambie daktari kwanza.

Kwa sasa funikeni kitundu kwa bandeji safi kavu. Msikikamue, na zile kapsuli za kufunguliwa na kunyunyiziwa unga kwenye kidonda, acheni kabisa: unga huo haufiki mfupani, na huziba mdomo ambao usaha unatokea.