Nimeitwa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) kwa madai ya kughushi sahihi ya shamba: nikimbilie dhamana ya kabla ya kukamatwa?

Ndugu wa Mumias, pole. Umesema shemeji yako ameripoti kwamba sahihi ya marehemu mzee kwenye fomu ya kuhamisha shamba ni ya kughushi, afisa wa DCI amekupigia simu, na sasa unauliza kama uwahi Mahakama Kuu kabla hujakamatwa. Mimi nilishtakiwa polisi na mjomba kwa jambo kama hilo, shamba la babu huko Kakamega.

Simu pekee haitoshi. Dhamana hii haina kifungu chake chenye jina katika sheria zetu za Kenya. Majaji huitoa kwa mamlaka ya kulinda haki za Katiba, na kipimo wanachokirejelea sana ni kile cha kesi ya W'Njuguna: uonyeshe kwamba chombo cha serikali kinavunja haki zako, au kinakaribia kuzivunja, kwa uzito. Polisi kukuita urekodi taarifa ni kazi yao. Jaji atauliza umeteswa na nini zaidi ya hofu.

Mimi nilikuwa na kitu mkononi. Afisa mmoja alinitumia ujumbe kwamba nikielewana na mjomba mambo yataisha, la sivyo Ijumaa nitalala ndani. Ijumaa hawakuitaja bure. Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa korti, unasubiri siku ya korti inayofuata. Ukishikwa Ijumaa jioni, hesabu mpaka Jumatatu. Ujumbe ule tuliuchapisha tukauambatisha kwenye hati ya kiapo, tukapeleka ombi chini ya cheti cha dharura, yaani lisikilizwe haraka. Kama wewe una simu ya heshima tu ya kukuita, nenda na wakili wako kituoni, hifadhi pesa zako.

Hoja iliyotubeba zaidi ni hii: kesi ya kughushi hujengwa kwa karatasi. Fomu ya uhamisho iko kwenye faili ya ofisi ya ardhi, kumbukumbu za bodi ya ardhi ziko kwa serikali, na mtaalamu wa maandishi analinganisha sahihi huko maabara. Kunilaza seli kunaongeza nini? Tulijitolea hata kutoa sampuli za sahihi yangu. Jaji akaniamuru niweke pesa taslimu na niripoti kwa mpelelezi kila ninapoitwa. Uchunguzi haukusimamishwa, na wewe usiuombe usimamishwe, utaonekana unaficha kitu.

Kuna madalali karibu na korti watakaokwambia hakimu anaweza kukutolea. Hana mamlaka hayo, nenda Mahakama Kuu. Kisha kuna wazee wa kijijini watakaosema kwa kuwa mgogoro wa shamba tayari uko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, polisi hawawezi kugusa. Kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema kesi hizo mbili, ya shamba na ya jinai, zinaweza kwenda pamoja.

Usilichukulie kosa lenyewe kuwa dogo. Kughushi kwa kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 3, kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, lakini ikidaiwa kilichoghushiwa ni wosia au hati ya kumiliki ardhi, kifungu cha 350 kinafika kifungo cha maisha. Hata hivyo, dhamana bado ni haki yako, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito.

Amri ukiipata, mpe wakili aifikishe kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na kwa ofisi ya mashtaka ya umma, nawe utembee na nakala. Ukishasomewa mashtaka imekwisha kazi, unaomba dhamana upya kwa hakimu. Kwa hiyo mtafute mapema mdhamini mwenye hati ya shamba lisilo na mgogoro, afanye utafutaji rasmi wa umiliki ofisi ya ardhi na apate ripoti ya thamani, maana anayefika mikono mitupu hurudishwa, nawe ukalala ndani huku watu wako wanazungukia karatasi.