Ganda Halipasuki kwa Amri: Maswali Yenu ya Picha

Niliomba maswali kuhusu vitu vinavyokaa pamoja, mbegu ndani ya ganda na wanyama ndani ya kundi. Sikutegemea barua nyingi hivi zihusu miti. Haya, tuanze na miti.

Fundi, nyuma ya nyumba yetu kuna msufi mkubwa. Kila nikipiga picha, maganda yake yanatoka meusi tii, utadhani popo wananing'inia. Kamera ni mbovu? (Msomaji, Muheza)

Kamera haina kosa. Inaona mbingu nyeupe, inadhani mwanga ni tele, inaupunguza, ganda linabaki gizani. Kwenye simu, gusa ganda lenyewe kwenye kioo, kisha sogeza kile kijua kidogo juu. Kwenye kamera ongeza mwanga kwa hatua moja au moja na nusu. Mbingu itaungua, yaani itatoka nyeupe tupu, iache iungue.

Ila mimi nisingehangaika na yaliyo juu. Msufi hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na maganda hupasuka mti ukiwa mtupu. Toka saa 12 na nusu asubuhi uangalie chini. Utaokota moja lenye ufa, na ndani yake sufi imesongamana kama nywele zilizochanwa na kulazwa upande mmoja, mbegu nyeusi zimejibanza humo kama punje za pilipili manga. Kila uzi wa sufi ni mrija mtupu wenye hewa, ndiyo maana ilijaza mito na magodoro ya bibi zetu, na hata majaketi ya kuokolea watu baharini. Kwa mpiga picha maana yake ni moja: mwanga unapita. Weka ganda kati yako na jua, nyuma yake pawe na kivuli, uone linavyowaka.

Halafu ngoja upepo. Niliwahi kukaa dakika 40 chini ya msufi nikisubiri kishungi kimoja king'oke. Jirani akaja kuniuliza kama nimepoteza funguo. Usilipasue kwa kisu ukajifanya limepasuka lenyewe. Kingo zake zitakuwa zimenyooka, na sufi bado imelala. Anayeijua miti atakucheka.

Ni lazima ninunue lenzi ya makro? (Msomaji, Morogoro)

Si lazima. Simu ikigoma kufokasi kwa karibu, rudi nyuma shubiri moja, zumu mara mbili. Mwenye kamera aweke apecha, yaani tundu la lenzi, f/8 au f/11 na alilaze ganda sambamba na lenzi, la sivyo ncha itakuwa kali na tumbo ukungu mtupu. Na kama ni ganda la mkrismasi, linalofika hata sentimita 60, makro ya nini? Hilo linataka hatua tatu nyuma.

Naomba mbinu ya kupiga picha ya upupu bila kuumia. (Msomaji, Kilifi)

Simama upande unakotoka upepo. Hiyo ndiyo mbinu, mengine ni nyongeza.

Naijua kwa ngozi yangu. Jioni moja nilikuta maganda ya upupu yamekauka kwenye ua wa shamba, kahawia yenye kung'aa kama mahameli. Nikajipenyeza chini yake ili jua liwe nyuma. Upepo ukageuka. Haikupita dakika mbili shingo ikaanza, kisha mikono, kisha mahali pasipoandikika kwenye safu ya heshima. Kosa langu la pili lilikuwa kujikuna, maana unavisambaza na kuvizamisha vile vinywele vya ganda vinavyowasha. Bandika seloteipu kwenye ngozi uibandue, rudia mara kadhaa, ndipo uoge.

Picha ilitoka nzuri, nakiri. Ukingo wote wa ganda ulizungukwa na uzi wa dhahabu. Siku hizi napiga kwa lenzi ya milimita 200 nikiwa mbali, shati la mikono mirefu, na sigusi mtambaa wake.

Huku Muscat tukitoka na boti tunakuta pomboo hata mia kadhaa. Nikirudi nyumbani nina picha 400 za maji. (Msomaji, Oman)

Unataka kuwapiga wote, ndiyo maana humpati hata mmoja. Chagua watatu wanaoogelea pamoja, wengine uwasahau.

Pomboo wale wembamba wanaoruka huku wakijizungusha kama pia mara nyingi hawaruki mara moja tu. Mruko wa kwanza uutazame kwa macho, usibonyeze kitu. Unakuonyesha ni nani na anaelekea wapi. Lenzi ielekeze mbele yake kidogo, spidi ya shata 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi, picha za mfululizo, na jicho la pili liwe wazi. Mruko wa pili au wa tatu ndio wako. Mng'ao ukikusumbua na huna filta, miwani ya jua ya polaroidi ukiiweka mbele ya lenzi ya simu inasaidia sana. Izungushe mpaka maji yafunguke.

Mimi ni nahodha Kizimkazi. Wageni wenye kamera wanataka tuwakimbize pomboo wapate picha ya karibu. Niwaambieje? (Msomaji, Unguja)

Nahodha, waambie wanakimbiza picha mbaya. Pomboo anayekimbia anakupa mgongo na pezi, basi. Watafiti waliofanya kazi hukohuko kusini mwa Unguja walikuta kwamba boti za watalii zikiwepo, pomboo hupunguza kupumzika na kucheza, na huongeza mwendo. Yaani mgeni analipia kitu ambacho boti yake inakifukuza.

Kaa ubavuni mwao, mwendo wao uwe wako, usiwakatie mbele wala usiwagawe, hasa mama mwenye mtoto. Ukifika kama mita 50, injini iungurume taratibu tu, na asiruke mtu majini. Wakitaka, watakuja wenyewe kwenye omo, mbele ya boti, na hapo mgeni ainame chini kabisa, kamera karibu na maji, upeo wa bahari uonekane nyuma ya kichwa cha mnyama. Kama kusi linavuma na bahari imechafuka, sema ukweli: leo ni siku ya kutazama, si ya kupiga.

Naweza kurusha droni juu ya kundi la tembo? (Msomaji, Arusha)

Ndani ya hifadhi za taifa bila kibali, hapana. Na nje ya hapo kumbuka kwamba Tanzania droni zimewahi kutumika kuwafukuza tembo mashambani, na zikawafukuza kweli.

Nilikwenda Katavi kiangazi. Viboko mamia kwenye dimbwi moja, lakini picha zangu ni mawe tu. (Msomaji, Mpanda)

Picha ya mawe inatokana na kupiga jua la saa sita kutoka juu ya ukingo. Nenda alfajiri au saa 11 jioni, kaa na askari wa hifadhi mahali anapokuruhusu, upande ambao jua liko mbele yako. Acha kundi. Chagua pua moja iliyozama, anza kuhesabu; kiboko anaweza kukaa chini kama dakika tano, basi usichoke kwenye dakika ya pili. Watu wote wanangoja apige miayo, ambayo kwa kweli ni vitisho, si usingizi. Mimi nangoja masikio. Akiibuka tu huyapepesa kwa nguvu, na matone yanaruka pete mbili ndogo juu ya kichwa. Weka shata 1/1000, kidole tayari.